Kompyuta Mpya, Mvuke wa Zamani

Gari likibadilishwa kompyuta ya injini, halafu taa ya cheki injini ikawaka kwa kosa la mvuke wa petroli, lawama huelekea upande mmoja: kompyuta iliyonunuliwa ni mbovu. Muuzaji anarudishiwa mzigo wake, inafungwa nyingine, na wiki mbili baadaye taa inawaka kwa kosa lilelile. Fundi anaanza kubadilisha vali, kisha kifuniko cha tangi, kisha kanista, na mwenye gari anaendelea kutoa pesa.

Kompyuta haitoboi mpira wala haipasui mdomo wa tangi. Baada ya kubadilishwa huwa kuna mambo matatu tu yanayoweza kuwasha taa hiyo. Kompyuta mpya inatafuta kifaa ambacho gari hilo halina. Au inakitafuta kilichopo, lakini umeme hauendi au haurudi. Au imeona tundu: lililotokea wakati wa kazi ya kubadilisha, au lililokuwapo tangu zamani, ambalo kompyuta ya kwanza, kwa ugonjwa wake au kwa kuchezewa, ilikuwa hailioni. Mafundi wengi huanza na la tatu kwa sababu ndilo linaloonekana kwa macho. Kwa maoni yangu ndilo la kuangaliwa mwisho.

Petroli huvukiza hata gari likiwa limezimwa juani. Jimbo la California lilianza kuwabana watengenezaji kuhusu mvuke huo kwa magari ya mwaka 1970, na Marekani nzima ikafuata mwaka 1971. Tangu hapo mvuke wa tangi huongozwa kwenye kanista, yaani mkebe wa plastiki uliojaa mkaa maalumu unaounasa. Injini ikishapata moto, kompyuta hufungua vali ya kufyonza, na mvuke ule huvutwa na injini ukachomwa pamoja na petroli nyingine. Upande wa pili wa kanista kuna njia ya hewa safi, na katika magari mengi njia hiyo nayo ina vali yake, ambayo hapa nitaiita vali ya kupumulia. Juu ya tangi, au kwenye pampu ya petroli, hukaa sensa ya shinikizo.

Kwa robo karne ya kwanza mfumo huu ulifanya kazi kimyakimya, ukiharibika hakuna anayejua. Mabadiliko makubwa yalikuja na magari ya mwaka 1996 nchini Marekani, yalipolazimishwa kuwa na uchunguzi wa ndani unaojulikana kama OBD-II. Kompyuta ikapewa kazi ya kupima kama tangi na mipira yake vinavuja, kwanza tundu la milimita 1, na kuanzia magari ya mwaka 2000 tundu la nusu milimita. Kupima tundu dogo hivyo kwenye tangi lenye petroli inayochezacheza, gari likipanda mlima na kushuka, si jambo jepesi. Kila kampuni ikabuni njia yake, na hapo ndipo matatizo ya kubadilisha kompyuta yalipozaliwa.

Ford kwa muda mrefu iliitumia injini yenyewe: vali ya kupumulia inafungwa, vali ya kufyonza inafunguliwa, tangi linavutwa, kisha vyote vinafungwa na sensa inatazama kama mvuto unakaa. General Motors ilianza kwa njia kama hiyo, kisha ikaongeza kipimo kinachofanyika baada ya injini kuzimwa, kinachotegemea petroli kupanda au kushuka joto ndani ya tangi lililozibwa. Chrysler iliweka kifaa cha pekee kinachojaza hewa kwenye tangi kama pampu ya baiskeli, halafu kompyuta inahesabu kasi ya mapigo yake. Mapigo yakipungua, tangi limejaa na halivuji. Yakiendelea kwa kasi, hewa inatoka mahali. BMW ina pampu yake ya umeme. Toyota, katika magari yake mengi ya Marekani ya miaka ya 2000 na kuendelea, ilificha pampu ndani ya kanista na kuifanya ipime usiku, kwa kawaida saa tano baada ya swichi kuzimwa. Ikiwa maji ya injini bado ni ya moto, kompyuta hujaribu tena baada ya saa saba, au tisa na nusu.

Sasa chukua kompyuta ya gari moja uifunge kwenye jingine. Plagi zinaingia, injini inawaka, gari linakwenda vizuri. Lakini ndani ya kompyuta ile mna programu inayojua aina moja tu ya kupima mvuke.

Mfano mzuri ni Jeep za miaka ya mwisho ya 1990. Wakati Chrysler ikiingiza ile pampu yake hatua kwa hatua, yalikuwapo magari yenye pampu na mengine yasiyo nayo, huku kompyuta zao zikifanana kwa umbo na plagi. Kompyuta ya gari lenye pampu ikifungwa kwenye gari lisilo nayo, itaituma pampu ifanye kazi, itakuta waya hauna kitu mwishoni, na itatoa kosa P1495, yaani hitilafu ya umeme kwenye soleinoidi ya pampu. Fundi anaweza kupita mipira yote kwa mashine ya moshi wa kutafutia uvujaji na asione kitu, kwa kuwa hakuna kilichoharibika. Dawa ni programu sahihi. Ukiona kosa jingine la pampu, P1494, kwenye gari hilohilo, uliza kwanza kama pampu ipo, ndipo uulize kama ni nzima.

Jambo la namna hiyo hutokea hata pale vifaa vyote vipo, ila kimoja kinazungumza lugha tofauti. Sensa ya shinikizo la tangi kwenye magari mengi ya GM, kifuniko kikiwa wazi, hutoa volti kama 1.5. Ya Ford, katika hali ileile ya hewa ya kawaida, hutoa karibu volti 2.6. Mtu aliyehamishia injini na kompyuta ya GM kwenye bodi ya Ford na kuacha tangi na sensa ya Ford atakuwa na kompyuta inayoamini kwamba tangi linavutwa wakati limefunguliwa wazi. Hakuna mpira utakaomaliza ugonjwa huo.

Geji ya petroli nayo ina balaa lake, na ni nadra mtu kuihusisha na mvuke. Kompyuta nyingi hazianzi kupima uvujaji mpaka tangi liwe na petroli kati ya asilimia 15 na 85. Kiasi hicho huletwa na kielea kilichomo tangini, ambacho ni ukinzani tu wa umeme. Vielea vya GM vya zamani vilikwenda kutoka ohmu 0 tangi likiwa tupu hadi 90 likijaa. Vya baadaye vinatoka 40 hadi 250. Tangi la zamani likiunganishwa na kompyuta ya kizazi cha pili, ohmu 90 za tangi lililojaa husomwa kama robo ya petroli hivi, na ohmu 20 husomwa kama tangi tupu au waya uliogusa bodi. Matokeo yake mara nyingi kipimo hakianzi. Taa haiwaki, mwenye gari anafurahi, na siku ya ukaguzi anaambiwa mfumo haujajipima.

Ndiyo maana hatua ya kwanza baada ya kubadilisha kompyuta ni kuchomeka mashine ya kupimia na kusoma utambulisho wake: namba ya chesi iliyomo ndani na namba ya programu. Namba ya chesi ikitofautiana na ile ya kwenye kioo, umeshapata maelezo ya mengi. Kisha tazama orodha ya vipimo ambavyo kompyuta inasema inavimudu. Kama kipimo cha mvuke hakimo, kompyuta hiyo haitakuambia lolote kuhusu tangi, liwe zima au limepasuka. Kazi yote hii haifiki hata dakika kumi.

Kundi la pili ni umeme. Makosa yake yana tabia inayosaidia sana: hutokea mapema, mara nyingi ndani ya sekunde chache baada ya kufungua swichi, bila gari kutembea. P0443 ni saketi ya vali ya kufyonza. P0449 ni saketi ya vali ya kupumulia. P0452 na P0453 ni sensa ya shinikizo, volti ikiwa chini mno au juu mno. Ukifuta kosa likarudi kabla hata hujawasha injini, weka pembeni mashine ya moshi na uchukue mita ya umeme.

Hapa kuna swali ambalo halipaswi kurukwa: kompyuta ya zamani ilikufaje? Vali ya kufyonza hupata umeme wa betri moja kwa moja kupitia fyuzi, na kompyuta hufanya kazi ya kuigusisha na athi, mara nyingi kwa sekunde, kupitia transista ndogo iliyomo ndani yake. Koili nzima ya vali ya Toyota, kwa mfano, huwa na ohmu kama 26 hadi 30. Kwa volti 12 ni chini ya nusu ampea, mzigo mwepesi. Koili hiyo ikiungua ndani na ohmu zikashuka hadi 2, ampea zinapanda kufikia 6, na transista isiyo na kinga ya kutosha inakwenda na maji. Fundi anabadilisha kompyuta, anaiacha vali ileile, anafungua swichi, na kompyuta ya pili inakufa pale pale. Pima koili kabla ya kuchomeka kompyuta mpya. Ni kipimo cha waya mbili, gari likiwa limezimwa.

Athi nayo ikaguliwe. Kompyuta inapofunguliwa na kurudishwa, skrubu moja ya athi ikiachwa legelege au ikafungwa juu ya rangi, sensa zote hupandishwa volti kidogo. Kwa sensa ya pedali ya mafuta huenda usihisi. Kwa sensa ya tangi, inayopima shinikizo dogo kuliko la mtu anayepuliza puto, volti 0.2 za uongo zinatosha kuharibu kipimo kizima. Fungua kifuniko cha tangi, soma sensa kwenye mashine. Inapaswa kuonyesha sifuri au karibu nayo. Isipoonyesha, usiendelee mbele.

Makundi hayo mawili yakishapita salama, ndipo tundu litafutwe. Kosa P0455 ni uvujaji mkubwa, P0442 mdogo, P0456 ule wa nusu milimita, na P0457 huelekeza kwenye kifuniko kisichokazwa. Kwenye gari lililobadilishwa kompyuta, chunguza kwanza pale mikono ilipopita. Vali ya kufyonza mara nyingi iko juu ya injini, na mpira wake hutolewa ili kupata nafasi. Ukirudishwa kwenye mdomo usio wake, mfumo unapumua kinyume. Mpira wa plastiki uliokaa miaka kumi na tano kwenye joto la injini hukatika ukiguswa tu, na mkatiko wake hujificha chini ya kibanio.

Kuna kipimo kimoja ninachokithamini kuliko vyote, kinachohitaji mashine yenye uwezo wa kuamrisha vifaa. Injini inaunguruma, kifuniko kimekazwa. Amuru vali ya kupumulia ifunge. Amuru vali ya kufyonza ifungue kidogo. Tazama sensa ya tangi: namba inapaswa kushuka chini ya sifuri taratibu. Funga vali ya kufyonza. Namba ikikaa, mfumo mzima ni mzima, kuanzia mdomo wa tangi hadi kwenye injini. Ikirudi haraka kuna tundu. Isiposhuka kabisa, ama vali ya kupumulia haifungi ama mvuto hauji. Na ikishuka kabla hujaamuru vali ya kufyonza ifungue, vali hiyo haifungi. Hilo ndilo gari linalokataa kuwaka vizuri baada ya kujaza petroli. Ndani ya dakika tano umeijaribu kompyuta, waya, vali mbili, sensa na mipira kwa pamoja, na kompyuta mpya yenyewe ndiyo iliyotoa amri.

Mashine ya moshi ni nzuri, lakini iheshimiwe. Tangi la petroli halitaki kompresa ya kujazia matairi. Shinikizo la kufanyia kazi hii halifiki hata nusu ya psi moja. Ukizidisha unapasua kanista na kuvimbisha sili, kisha unajitengenezea kosa ambalo halikuwapo. Wanaojua kazi hutumia naitrojeni badala ya hewa, kwa sababu hewa na mvuke wa petroli ni mchanganyiko unaosubiri cheche. Na mtu asivute sigara karibu. Nimeona gereji ambako hili bado linahitaji kusemwa.

Lipo pia gari ambalo halina kosa lolote na bado halipiti. Kompyuta mpya, au ya zamani iliyopangwa upya, huanza bila kumbukumbu. Vipimo vyote vinasomeka kuwa havijakamilika. Cha mvuke ndicho cha mwisho kukamilika kwa sababu kina masharti mengi: injini iwe imelala ikapoa, joto la maji na la hewa viwe vinakaribiana, petroli isiwe tele wala isiwe kidogo. Kwa Toyota nyingi, kipimo hakifanyiki nje ya joto la takriban nyuzi 4 hadi 35, wala juu ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Mwenye gari la Marekani aliyeko Muscat au Dubai mwezi wa Julai anaweza kusubiri muda mrefu sana.

Katika magari yanayojipima usiku kuna mtego mwingine. Kompyuta lazima iamke yenyewe saa kadhaa baada ya gari kuzimwa, kwa hiyo inahitaji waya wenye umeme wa betri wa kudumu. Wanaohamisha injini mara kwa mara huunganisha waya huo kwenye swichi, wakiogopa betri isiishe. Injini itawaka kila siku bila shida. Kipimo cha mvuke hakitafanyika hata mara moja, na kila ukizima gari kumbukumbu inafutika.

Huko California jambo hili lina uzito wa sheria. Magari ya petroli ya mwaka 2000 na kuendelea yanaruhusiwa kufika kwenye ukaguzi wa moshi yakiwa na kipimo kimoja tu kisichokamilika, nacho ni hiki cha mvuke; watunga kanuni wenyewe wanajua kilivyo kigumu. Lakini tangu tarehe 19 Julai 2021, gari ambalo programu yake imechezewa kinyume cha idhini linaanguka. Yaani aliyefuta makosa ya mvuke kwa kompyuta mpakato, ili taa isiwake, anagunduliwa na mashine ya ukaguzi bila mtu kufungua boneti. Kuna pia makosa ya kudumu, yaliyoanza kuingizwa kwenye magari ya mwaka 2010, ambayo hayafutiki kwa mashine mpaka kompyuta yenyewe ithibitishe kuwa tatizo limekwisha. Kompyuta ya mtumba inaweza kuja nayo kutoka kwenye gari lililokufa. Ipangwe upya kabla ya kufungwa.

Afrika Mashariki hali ni tofauti, na sidhani tunapaswa kujifanya ni ileile. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo kwa kawaida yana kanista na vali ya kufyonza bila kipimo cha uvujaji. Kontroli boksi, yaani kompyuta hiyohiyo ya injini, inayonunuliwa kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani au Kirinyaga Road kwa gari la namna hiyo haitaleta P0442. Mgogoro huja pale gari limetoka Marekani, pengine kupitia Sharjah, na kompyuta yake ikabadilishwa kwa ya Japani au kinyume chake. Kompyuta ya Japani kwenye gari la Marekani itanyamaza. Ya Marekani kwenye gari la Japani itapiga kelele kila siku, na ina haki.

Hapo ndipo baadhi ya mafundi wetu hutumia njia ya mkato: wanaziba mipira na kutupa kanista. Sikubaliani nao hata kidogo. Kukosa kipimo cha uvujaji si tatizo kwa gari ambalo halikutengenezwa nacho. Kukosa pumzi ya tangi ni tatizo kwa gari lolote. Tangi lililozibwa huvutwa na pampu mpaka injini inakosa petroli njiani, au mvuke unatafuta njia yake chini ya kiti cha nyuma, walipokaa watoto. Kwa barabara zetu za vumbi, njia ya hewa ya kanista huziba yenyewe bila msaada wa mtu. Ukikuta bomba la kituo cha mafuta linajikata kila unapojaza, anzia hapo.

Kwa mwenye gari anayekaribia kubadilisha kompyuta, ombi ni moja. Usimwachie fundi ile ya zamani, wala usiiuze kama chuma chakavu, hata ikiwa imeungua. Piga picha ya namba zilizobandikwa juu yake, sisitiza programu yake isomwe kama bado inasomeka, na uiweke mpaka kipimo cha mvuke cha kompyuta mpya kisomeke kuwa kimekamilika na kimefaulu.